Gesi ya kucheka si kazi ya polisi peke yao

Tangu Novemba 2023, kukutwa na gesi ya kucheka, yaani naitrasi oksaidi, kwa ajili ya kujiburudisha ni kosa la jinai nchini Uingereza. Polisi wamepewa meno. Madaktari je?

Madhara ya gesi hii, ambayo pia hutumika kama nusukaputi, si habari mpya. Mwaka 1956 madaktari wa Copenhagen waliandika kuhusu wagonjwa wa pepopunda waliolazwa usingizi kwa gesi hiyo siku kadhaa mfululizo: chembe zao nyeupe za damu zilishuka vibaya mno. Baadaye ikafahamika kwamba gesi huharibu kobalti iliyo ndani ya vitamini B12. Vitamini hiyo ikizimwa, uboho hushindwa kutengeneza DNA ipasavyo, na chembe za damu hutoka kubwa lakini changa. Mishipa ya fahamu nayo huumia.

Kwa upasuaji mfupi, mtu mwenye akiba ya kutosha ya B12 hana haja ya kuhofu. Wa kuangaliwa ni wasiokula nyama, maziwa wala mayai, wazee, na wanaotumia metifomini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu.

Kijana anayevuta kwa maputo kila wikendi ni suala jingine. Anafika hospitali akilalamika ganzi miguuni, anapimwa B12, majibu yanasoma sawa, anarudishwa nyumbani. Kumbe vitamini ipo, ila haifanyi kazi! Tunataka swali la gesi liulizwe mapema, bila vitisho, na homosisteini, inayopanda mwilini B12 isipofanya kazi, ipimwe. Kijana anayeogopa pingu hatasema.