Alama ya A yapatikana, barua ya mwalimu yakosa uzito

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, afisi za wakuu wa shule za upili katika Kaunti ya Machakos hupokea wageni wa aina moja: mzazi na mwanawe waliokuja kuomba barua. Baadhi huitaka kwa ajili ya basari, wengine kwa ajili ya udhamini, na wachache kwa ajili ya vyuo vikuu vya ng'ambo. Aghalabu wote huondoka na karatasi ile ile, iliyobadilishwa jina tu.

Si haki kuwalaumu walimu peke yao. Mfumo wa Kenya haumtaki mwalimu aseme lolote kuhusu mwanafunzi anayeingia chuo kikuu. Asasi ya KUCCPS, iliyobuniwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 na kurithi kazi ya bodi ya JAB, hutazama alama, masomo manne yanayohusiana na kozi, na machaguo ya mtahiniwa. Watahiniwa 246,391 waliopata C+ na zaidi katika KCSE ya 2024 walihitimu kujiunga na vyuo vikuu bila mwalimu kuandika sentensi moja juu yao. Utaratibu huo una uadilifu wake, kwani kompyuta haimjui mtoto wa mkubwa. Hata hivyo, umewanyima walimu mazoezi.

Barua iliyozoeleka vijijini, kuanzia Mwala hadi Masinga, ni ya chifu. Mwombaji wa basari ya NG-CDF hutakiwa kuthibitisha kwamba familia yake haijiwezi, na muhuri wa chifu ndio ushahidi. Barua ya mwalimu nayo imeiga lugha hiyo: mwanafunzi ni mtiifu, ana bidii na anatoka katika familia maskini. Kwa kamati ya basari, hayo yanatosha. Kwa chuo cha Marekani, hayasemi kitu.

Chuo cha MIT, kwa mfano, hupendekeza barua mbili za walimu: moja ya mwalimu wa hisabati au sayansi, na nyingine ya mwalimu wa sanaa au lugha. Wasomaji wake hutaka kujua swali alilouliza mwanafunzi darasani, jaribio la kemia alilolirudia baada ya kushindwa, au wenzake aliowafunza usiku wa prepu. Mkuu wa shule yenye wanafunzi zaidi ya elfu moja hawezi kuyajua hayo. Mwalimu wa fizikia anaweza, ila yeye haombwi, kwa kuwa hana muhuri!

Kalenda nayo haisaidii. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi kati ya Novemba 1 na mapema Januari, wakati watahiniwa wakiwa katika KCSE au shule zikiwa zimefungwa. Kwa hiyo wengi husubiri mwaka mzima, na wanaporudi humkuta mwalimu amehamishwa. Uhamisho wa TSC uliowapeleka walimu mbali na maeneo yao ulianza 2018, na ulivuruga mengi kabla ya kusitishwa 2022.

Hapo ndipo kishawishi huzuka. Mwalimu aliyelemewa na kazi humwambia kijana, "Andika mwenyewe, nitatia sahihi." Huo ni udanganyifu, na pia ni hasara: kijana wa miaka 18 hajui kujisifu kama mtu mzima anavyomsifu. Isitoshe, katika mfumo wa Common App mwalimu hutumiwa kiungo kwa barua pepe yake na kuiwasilisha barua mwenyewe. Bahasha iliyofungwa haina kazi tena.

Mwanafunzi anayekusudia kwenda mbali hana budi kumwendea mwalimu wa somo katika muhula wa pili wa kidato cha nne, akiwa na daftari lake, tarehe za mwisho na orodha ya aliyoyafanya. Idara za ushauri nasaha, ambazo shule nyingi zinazo tayari, zingeweza kuhifadhi ukurasa mmoja kuhusu kila mwanafunzi tangu kidato cha kwanza, ili mwalimu mgeni naye apate pa kuanzia.