Adhabu Isiyo na Mwisho

Mfungwa akiingia gerezani huambiwa siku atakayotoka. Mimi niliyefukuzwa jeshi sikuambiwa, na nina hakika si mimi peke yangu.

Hapa Utemini, mjini Singida, wapo wanaoniita "Afande" hadi leo, na si wote wanaoniita kwa heshima. Uafande wangu uliisha mwaka 1992. Nilipewa ruhusa ya siku saba nije kumzika baba. Mazishi yalikwisha siku ya pili. Siku zilizobaki, na nyingine ishirini juu yake, nilizimalizia kilabuni nikinywa pombe ya mtama. Nikarudi kikosini na cheti cha hospitali nilichokinunua. Uongo ule haukudumu hata saa moja. Nilisikilizwa, nikakiri, nikaachishwa kwa utovu wa nidhamu. Sikuonewa, na msomaji asinihurumie kwa hilo.

Ninacholalamikia ni kile kilichofuata. Mwaka 1994, nikiwa nimeacha pombe na ninalima alizeti kumtunza mama na wadogo zangu, niliandika barua kuomba kurudi. Sikuomba cheo. Niliomba nianze upya, hata kwa kwata ya siku ya kwanza. Katika ofisi niliyoipeleka, mkubwa mmoja alisoma mistari miwili akanirudishia.

"Aliyefukuzwa harudi."

"Afande, baada ya miaka mingapi naweza kuomba tena?"

Alicheka. Hilo ndilo lililokuwa jibu.

Nje nilikutana na mjuzi wa njia za panya. Akaniambia nichukue cheti cha shule cha mdogo wangu, nibadili jina, nikajiandikishe mkoa mwingine. Nakiri kwamba kile cheti kililala chini ya godoro langu siku tatu. Mama ndiye aliyekiona. Akasema, "Mwanangu, walikufukuza kwa karatasi ya uongo, nawe unataka kurudi kwa karatasi ya uongo?" Nikakirudisha.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: ni utaratibu gani huu, ambao msema kweli hufungiwa mlango na mwongo huonyeshwa dirisha? Adhabu isiyo na mwisho haimfundishi mkosaji kujirekebisha. Humfundisha kujificha.

Wapo wazee hapa mtaani, wanajeshi wastaafu ninaowaheshimu, wasiokubaliana nami. Husema jeshi si shamba la mtu. Asiyeaminika siku ya amani atawaua wenzake siku ya vita. Hunikumbusha Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Serikali ikalazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Taifa lililopata fedheha ile, wasema wazee, lina haki ya kuwa kali.

Nakubali. Aliyegeuza bunduki dhidi ya viongozi wake, aliyeuza silaha, aliyemuumiza raia, asirudi kamwe. Lakini je, mlevi wa siku ishirini ni mwasi? Neno "utovu wa nidhamu" ni kapu kubwa mno. Ukitia humo mwasi na mtoro pamoja, anayesoma karatasi baadaye hawezi kujua yupi ni yupi, naye kwa usalama wake huwakataa wote.

Tena, hoja ya kwamba aliyefukuzwa harudi imekwisha kuvunjwa na dola yenyewe. Aprili 2021, vijana zaidi ya 850 wa Jeshi la Kujenga Taifa walifukuzwa baada ya kugoma na kuelekea Ikulu ya Chamwino, Dodoma, wakidai ajira jeshini. Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, ndiye aliyeitangazia nchi habari hiyo. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan, Amiri Jeshi Mkuu, akawasamehe. Nilifurahi kama niliyesamehewa mimi. Kisha furaha ikaniingia mchanga. Wale walikuwa wengi, na nchi nzima iliwajua. Kijana mmoja wa Utemini, aliyefukuzwa peke yake, atasikika na nani?

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Msamaha ni jambo jema, lakini msamaha unaosubiri huruma ya mkubwa si haki, ni bahati. Wafungwa hukumbukwa kwa msamaha wa Rais siku za Uhuru na Muungano, na Katiba, ibara ya 45, imeuandika uwezo huo. Aliyefukuzwa kazi ya bunduki naye astahili angalau mlango ulioandikwa: makosa gani hayana marejeo, yapi yanaweza kutazamwa upya, baada ya miaka mingapi, na nani atasikiliza. Akikubaliwa, aanze chini kabisa na awekwe katika majaribio. Akikataliwa, apewe sababu kwa maandishi, si kicheko.

Mimi sidai kitu tena. Matangazo ya kuandikisha askari yanataka vijana, na mimi magoti yangu hayawezi tena hata kupanda miamba iliyo nyuma ya nyumba. Lakini juzi amekuja kijana wa jirani, ameachishwa mafunzo kwa kosa la utoro, akaniuliza, "Mzee, niseme kweli kwenye fomu au nifiche?"

Nilimwambia aseme kweli. Nilimwambia hivyo huku nikijua ukweli ulinipeleka wapi. Wenye mamlaka wanaosoma haya na wanisaidie: lini mzee wa Utemini ataweza kumpa kijana jibu hilo bila kuinamisha macho?