Malengelenge ya siri: Kimya ndicho kinachobomoa ndoa

UTAFITI wa kitaifa kuhusu Ukimwi uliofanywa mwaka wa 2007, maarufu kama KAIS, ulibaini kwamba takriban asilimia 7 ya Wakenya wenye umri wa kati ya miaka 15 na 64 walikuwa na virusi vya Ukimwi. Utafiti uo huo ulionyesha kwamba asilimia 35 walikuwa na virusi vya HSV-2, vinavyosababisha malengelenge ya sehemu za siri. Miongoni mwa wanawake kiwango kilikuwa asilimia 42, na wanaume asilimia 26.

Takwimu ya kwanza ilizua mijadala na kampeni. Ya pili, licha ya kuwa kubwa mara tano, haikupata msemaji.

Takwimu hizo ni za zamani, lakini tatizo lenyewe halijazeeka. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mnamo 2020, watu milioni 520 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 ulimwenguni walikuwa na HSV-2.

Sababu ya kimya hiki si ngumu kuielewa. Malengelenge ni nadra kumuua mtu mzima, na wengi walioambukizwa hawana dalili au huziona kuwa upele wa kawaida. Virusi hujificha katika mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo, vikaweza kukaa humo miezi au miaka kabla ya kuchomoza.

Hapo ndipo masaibu ya nyumbani huanzia. Mke aliyeolewa miaka kumi akipata vidonda leo, swali la kwanza la mumewe huwa ni nani aliyempa. Hali kadhalika kwa mume. Watu hutimuliwa, hupigwa au kuachwa kwa msingi wa kidonda.

Ukweli ni kwamba kidonda hakina tarehe. Hakiwezi kuonyesha maambukizi yalitokea lini, wala yalitoka kwa nani. Huenda virusi viliingia kabla ya ndoa, au vililetwa na yule anayelalamika, ambaye hajawahi kuona hata lengelenge moja mwilini mwake. Hii si kusema kwamba uzinzi haupo. Ni kusema kwamba kidonda pekee si ushahidi wa uzinzi.

Mwanamke ndiye huumia zaidi. Kimaumbile, yeye huambukizwa kwa urahisi kuliko mwanamume. Aidha, ndiye huenda kliniki ya wajawazito, hivyo mara nyingi huwa wa kwanza kuambiwa, na anayepeleka habari nyumbani ndiye hubebeshwa lawama.

Ilhali ugonjwa wenyewe unaweza kukabiliwa. Hauna tiba ya kuumaliza, lakini dawa ya asaiklovia hufupisha muda wa vidonda, na ikimezwa kila siku hupunguza idadi ya mara vinavyorejea. Kwa wengi, vidonda hupungua kadiri miaka inavyosonga. Ni muhimu kujiepusha na ngono vidonda vinapokuwapo, au mwasho unaovitangulia unapoanza. Kondomu hupunguza hatari, ingawa haiimalizi.

Mja mzito naye hafai kuficha. Wengi wenye virusi hivi hujifungua watoto wenye afya. Hatari kubwa kwa mtoto hutokea mama anapoambukizwa mara ya kwanza mwishoni mwa ujauzito. Vidonda vikiwapo wakati wa uchungu, daktari anaweza kushauri upasuaji.

Kuna sababu nyingine ya kutopuuza ugonjwa huu. HSV-2 huongeza hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi takriban mara tatu. Hata hivyo, utafiti katika mataifa saba ya Afrika, Kenya ikiwemo, ambao matokeo yake yalichapishwa 2010, ulionyesha kwamba asaiklovia ilipunguza vidonda pakubwa bila kuzuia wenye virusi vya Ukimwi kuwaambukiza wapenzi wao. Dawa hii, basi, haichukui nafasi ya kondomu wala ya dawa za kupunguza makali ya Ukimwi.

Katika vituo vingi vya afya, vidonda vya sehemu za siri hutibiwa kwa kutazama dalili, bila vipimo vya maabara. Mgonjwa huweza kurudi nyumbani na tembe mkononi bila kujua jina la ugonjwa wake, wala kwamba utarejea. Unaporejea, hudhani mwenzake amemwambukiza upya.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walinena wahenga. Kwa maradhi haya, kinachotangulia kufa ni ndoa. Wakenya walijifunza kuzungumzia Ukimwi kwa sababu washauri walifunzwa kuwaketisha wanandoa pamoja na kuwaeleza. Mambo matatu yanatosha kuanzia: ugonjwa huu ni wa watu wengi, una dawa ya kuutuliza, na hausemi ni nani aliyeuleta. Muuguzi anaweza kuyasema kwa dakika moja, na serikali haihitaji bajeti mpya kumwagiza afanye hivyo.