Mwanagenzi anayekutibu usiku: Mwanafunzi au mfanyakazi?

Ukimkimbiza mtoto katika hospitali ya kaunti saa nane usiku, kifua kimembana na pumzi zinakatika, mtu wa kwanza kumpima huenda akawa kijana wa miaka 25 au 26 aliyemaliza masomo ya udaktari mwaka uliopita. Utamwita daktari, na hutakuwa umekosea. Ana shahada na ana leseni ya muda kutoka kwa Baraza la Madaktari, KMPDC. Lakini ni mwanagenzi. Hapa Kenya daktari hasajiliwi kikamilifu kabla ya kutumikia miezi 12 katika hospitali iliyoidhinishwa, akipitia wadi za watu wazima, za watoto, upasuaji na uzazi chini ya macho ya wakubwa wake. Matabibu nao wana mwaka wao wa uanagenzi.

Habari za vijana hawa ziliwafikia wengi wenu kupitia mgomo wa 2024. Madaktari waliweka chini vifaa katikati ya Machi na hawakurudi hadi Mei 8, siku 56 baadaye. Mkataba ambao serikali ilikuwa imetia saini na chama cha madaktari, KMPDU, mwaka 2017 ulimpa mwanagenzi takriban Sh206,000 kwa mwezi. Serikali ikasema haina uwezo huo, itatoa Sh70,000. Rais William Ruto mwenyewe alisisitiza kwamba nchi lazima iishi kulingana na mapato yake. Mgomo uliisha huku suala la wanagenzi likiachwa kiporo, na ilichukua hadi Desemba 27, 2024 kwa pande hizo mbili kutia saini makubaliano ya kurudi kwenye viwango vya 2017.

Tuliifuatilia hadithi hiyo kama ugomvi wa pesa. Ukisikiliza maneno yaliyotumika, utagundua palikuwa na jambo jingine. Upande mmoja ulisema “posho”, mwingine ukasema “mshahara”. Posho hupewa anayejifunza, mshahara hulipwa anayefanya kazi. Swali lililokuwa chini ya meza ni kama mwanagenzi ni mwanafunzi au mfanyakazi, na jibu lake linakuhusu wewe uliyelala kitandani kuliko unavyodhani.

Sheria ya Ajira ya 2007 haisitisiti. Inapotoa maana ya mfanyakazi, inamtaja anayeajiriwa kwa ujira na kumjumuisha anayefunzwa kazi kwa mkataba. Swali hili si letu peke yetu. Marekani lilifika Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2011 iliamua katika kesi ya Mayo kwamba madaktari wanaosomea ubingwa huku wakifanya kazi muda wote hospitalini hawawezi kuhesabiwa kuwa wanafunzi ili kuepuka kodi ya hifadhi ya jamii. Mtu anaweza kujifunza na kuajiriwa kwa wakati mmoja. Fundi yeyote wa gereji ya Grogan angekuambia hivyo bila kwenda mahakamani.

Akiwa mfanyakazi, sheria inampa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Inampa likizo ya ugonjwa. Akijidunga sindano yenye damu ya mgonjwa, na hilo hutokea sana kwa mikono iliyochoka, sheria ya fidia kwa wanaoumia kazini inamtambua. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita, kwa hiyo kijana asiyejua amwambie nani, au anayeogopa kuonekana mzembe, anapoteza saa ambazo hazirudi. Akiitwa mwanafunzi, yote haya hugeuka kuwa hisani ya msimamizi wake. Na nionavyo mimi, hapo ndipo kuna hila: huitwa mwanafunzi siku ya malipo, kisha huitwa daktari usiku ambao wadi haina mwingine.

Nianze na saa za kazi, maana hizo ndizo zinazokugusa moja kwa moja. Mwili wa daktari hauna siri yoyote ambayo wako hauna. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu akikaa macho saa 17, wepesi wa akili na mikono yake hushuka kama wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Katika nchi nyingi huyo haruhusiwi kushika usukani. Mwaka 2004 watafiti katika hospitali moja ya Boston walilinganisha wanagenzi wa chumba cha wagonjwa mahututi waliofanya zamu ndefu za kawaida na wale waliopunguziwa saa. Kwenye zamu ndefu makosa makubwa ya kitabibu yalikuwa zaidi kwa asilimia 36. Mimi nilipokuwa mwanagenzi, zamu ya saa 30 na zaidi ilikuwa jambo la kawaida, na aliyelalamika aliulizwa kama alifikiri amekuja kustarehe. Hospitali hiyo sitaitaja, kwa sababu wakati huo nyingi zilikuwa hivyo.

Marekani walijifunza kwa uchungu wa mzazi. Machi 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifikishwa katika hospitali moja ya New York akiwa na homa na mwili unaotetemeka. Alikuwa akitumia dawa ya mfadhaiko. Usiku huo akapewa dawa ya kutuliza ambayo haifai kuchanganywa na ile ya kwanza. Asubuhi alikuwa amefariki. Waliomhudumia walikuwa madaktari wawili waliokuwa bado mafunzoni, mmoja wao akiwa na makumi ya wagonjwa wengine wa kuangalia, na daktari mkubwa alishauriwa kwa simu tu. Baba yake, mwandishi wa habari Sidney Zion, hakunyamaza. Jopo la mahakama lililochunguza kifo hicho halikuwafungulia vijana wale mashtaka ya mauaji. Lilinyooshea kidole utaratibu wenyewe: saa nyingi mno na usimamizi mdogo mno. Kufikia 1989 jimbo la New York likawa limeweka kikomo cha saa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 kikomo hicho kikaenea kote nchini humo.

Kupunguza saa peke yake hakutoshi. Majaribio makubwa yaliyofanyika huko baadaye, ndani ya kikomo kilekile cha saa 80, hayakuona vifo vya wagonjwa vikiongezeka pale hospitali ziliporuhusiwa kurefusha zamu moja moja. Sababu mojawapo ni kwamba kila zamu inapobadilika, mgonjwa hukabidhiwa kutoka mkono hadi mkono, na habari hudondoka njiani: kwamba mtoto huyu ana mzio wa penisilini, kwamba damu ya yule ilipelekwa maabara na majibu hayajarudi. Ndiyo maana nakuomba uwe na daftari dogo kitandani. Andika dawa alizopewa mgonjwa wako na saa, andika mzio, andika kipimo kinachosubiriwa. Daktari mpya akiingia msomee. Anayejua kazi yake hatakasirika.

Usimamizi ndilo jambo la pili, na kwetu naliona kubwa kuliko saa. Madaktari bingwa ni wachache na wengi wako mijini. Katika hospitali nyingi bingwa hupita wadini asubuhi, kisha usiku hupatikana kwa simu. Kanuni inamtaka mwanagenzi afanye kazi chini ya daktari aliyesajiliwa, lakini kanuni haimwamshi mtu kitandani. Wewe unaweza kuuliza, kwa heshima: “Daktari, wewe ni mwanagenzi? Msimamizi wako leo ni nani? Amejua kuhusu hali ya mtoto wangu?” Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa hali yako, njia za matibabu zilizopo na hatari zake kabla hujakubali. Kabla ya upasuaji, uliza nani atakayeshika kisu na nani atakuwa kando yake.

Lakini usimfukuze mwanagenzi. Nimeona wazazi wakisema, “Sitaki huyu mtoto, niitie mkubwa.” Mwanagenzi mwenye msimamizi mara nyingi ndiye atakayekupima kuanzia kichwani hadi miguuni na kukuuliza maswali ambayo sisi wakubwa tumezoea kuyaruka. Linalotakiwa kukutia wasiwasi ni mwanagenzi aliyeachwa peke yake.

Kuna kundi jingine ambalo halikusikika sana kwenye mgomo. Ni wanaosomea saikolojia ya kliniki na ushauri nasaha chuoni. Hawa hawafuati mkondo wa madaktari. Taaluma yao ina sheria yake ya 2014 na bodi yake. Wengi hutumwa hospitalini au kwenye kliniki ya chuo kutimiza saa za mazoezi zinazohitajika ili wahitimu, na mara nyingi hawalipwi chochote. Baadhi hulipa karo na bado hujilipia nauli ya matatu kuja kukusikiliza. Huyo kwa kweli ni mwanafunzi kwenye karatasi. Ila mtoto wako anayemweleza kwa nini haendi shule hajui tofauti hiyo.

Ukimpeleka mtoto kwa mwanafunzi wa namna hii, yapo mambo ya kufahamu mapema. Msimamizi wake atasikia habari za mtoto wako, kwa kuwa ndivyo wanavyofundishwa. Si kuvunja siri, mradi umeambiwa na majina hayatoki nje ya mafunzo. Akitaka kurekodi kikao, lazima akuombe ruhusa, na ukikataa usinyimwe huduma. Jambo ambalo halisemwi sana ni hili: muhula huisha. Mtoto amechukua wiki sita kumzoea dada au kaka yule, ameanza kufungua moyo kuhusu kifo cha babake, halafu Ijumaa moja anaambiwa leo ndiyo mwisho. Kwa mtoto aliyekwisha kuachwa mara moja, huo ni msiba juu ya msiba. Siku ya kwanza kabisa uliza: “Utakuwa hapa hadi lini, na ukiondoka nani atampokea?” Jibu likiwa halipo, omba kumwona msimamizi kabla vikao havijaanza.

Chuo kingeweza kulitatua hili kwa barua ya kurasa mbili: tarehe ya kuanza na kumaliza, jina la msimamizi, idadi ya wagonjwa, nani anawajibika kukitokea tatizo, nauli inalipwa na nani. Kinachokosekana si utaalamu.

Halafu wapo madaktari wanaosomea ubingwa, kwa mfano wa Chuo Kikuu cha Nairobi wanaofanya kazi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, au wa Chuo Kikuu cha Moi walio katika hospitali ya rufaa ya Eldoret. Hao ndio nguzo ya wadi usiku. Waliotumwa na kaunti huendelea kupata mshahara, ilhali waliojilipia wenyewe huweza kufanya zamu zilezile bila ujira huku wakidaiwa karo. Ukiniuliza nani kati ya hao wawili atakuwa amelala vizuri, nitakuambia ni yule ambaye mchana hakulazimika kwenda kutafuta kibarua kwingine.

Na sasa nikugeukie wewe mzazi uliyeuza shamba au ng’ombe ili mwanao awe daktari. Kuhitimu kukifika na barua ya kupelekwa hospitalini ikichelewa, usimsukume kwenda “kushikilia” kliniki ya mtu. Kutibu kabla ya leseni, au nje ya kituo alichopangiwa, kunaweza kumharibia kazi yote aliyoisomea. Akipangiwa, mwambie ahifadhi barua yake, aandike saa alizofanya kazi, na ahakikishe amepata chanjo ya homa ya ini aina ya B.

Mwaka 2024 tulisikia habari za madaktari vijana waliojitoa uhai. Kifo cha namna hiyo hakina sababu moja, na sitaki kukuambia kwamba mshahara ungewaokoa wote. Ila usisubiri akuambie. Akipiga simu usimuulize tu ametibu wangapi. Muulize amelala saa ngapi, amekula nini, kodi ya nyumba imelipwa na nani. Akianza kusema amechoka na maisha, akiacha kupokea simu, akigawa vitu vyake, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo, dawa ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, ikiwezekana si ile anayofanyia kazi.