Mwili Wetu: Nguzo Peke Yake Haisimamishi Hema

Leo katika safu yetu tutazungumza juu ya mifupa na kile kinachoifanya isimame.

Nianze na daftari langu la mahudhurio. Binti mmoja wa darasa la sita alikuwa anakosa kila Jumatatu na Alhamisi. Ni mtoto mwenye akili, basi nikaamua kwenda kwao. Mama yake akaniambia: “Mwalimu, mwanangu, bega hili la kulia na kiuno vimenishinda. Nikichota maji siku mbili, ya tatu siamki. Huyu ndiye mkono wangu.” Nikamuuliza anabebaje. Kumbe kila siku ni dumu la lita 20, mkono wa kulia, tangu bombani hadi nyumbani. Majirani walishamwambia eti mifupa yake imechakaa, avumilie tu.

Hebu tutazame hema, maana sisi sote tumelala ndani yake. Je, hema linasimamishwa na nguzo? Utasema ndiyo. Lakini zikate kamba zote uone. Nguzo italala chini saa hiyo hiyo. Nguzo inasukuma juu, kamba na turubai vinavuta chini na pembeni, na hapo katikati ya kusukuma na kuvuta ndipo hema linapata kusimama. Sasa kaza kamba za upande mmoja tu. Nguzo itainama, za upande wa pili zitalegea, na turubai linaweza kuchanika mbali kabisa na pale ulipokaza.

Mwili nao uko hivyo. Mtu mzima ana mifupa kama 206. Hiyo ndiyo nguzo. Kamba ni misuli na kano. Na turubai je? Umewahi kuchuna mbuzi? Ule utando mweupe unaong'ang'ania nyama, ambao kisu kinapata taabu kuutoa, sisi pia tunao. Wataalamu wanauita fashia. Unafunika kila msuli, unapita katikati ya nyama, unashika mifupa, na unaunganisha sehemu moja na nyingine toka kichwani hadi kwenye nyayo.

Mfano mzuri ni bega. Lile fupa pana la nyuma ya bega limeungwa na mifupa ya kifua kwa njia ya mtulinga tu. Sehemu iliyobaki inashikwa na misuli. Yaani limening'inia kama kitu kilichofungwa kwa kamba. Na pale kiunoni kuna utando mnene unaounganisha misuli ya mgongo na ya makalio. Na ukitembea, mkono wa kulia unakwenda mbele pamoja na mguu wa kushoto, na mwili haupepesuki.

Mwaka 1968 mchonga sanamu wa Marekani, Kenneth Snelson, alijenga mnara wenye urefu wa mita 18 hivi. Mabomba yake hayagusani, yameshikwa na nyaya za chuma zilizokazwa, na bado mnara umesimama. Baadaye madaktari wengine wakasema mwili unafanana na kazi ile. Lakini tusidanganyane, mifupa yetu inagusana kwenye viungo na inabeba uzito pia. Ni mfano tu wa kutusaidia kuelewa.

Sasa turudi kwa mama yetu. Dumu la lita 20 ni kilo 20 na zaidi. Ukilishika mkono mmoja, upande wa pili wa mgongo lazima uvute kwa nguvu ili usianguke. Uti wa mgongo unabanwa na dumu, halafu unabanwa tena na ule mvuto. Nikamshauri agawe maji katika madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono. Akacheka: “Mwalimu, nilidhani utaniambia nichote nusu. Foleni ya bombani unaijua wewe?” Naijua, Mama. Maji ni yale yale, foleni ni moja, ila kamba zinavutwa sawasawa. Na apumzike njiani kabla mwili haujamlazimisha.

Wanaobeba kichwani nao wasikilize. Mwaka 1986 wanasayansi walitangaza matokeo ya kuwapima wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya, waliozoea kubeba mizigo, Wajaluo juu ya kichwa na Wakikuyu kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nguvu zaidi ya kutembea mikono mitupu. Baada ya hapo nguvu zikaanza kuliwa. Kwa mama wa kilo 55, hiyo ni kilo 11, karibu nusu ya dumu kubwa. Tuwaonee huruma watoto basi! Mtoto wa kilo 25 mpeni dumu la lita 5, si la 20.

Angalizo: si kila maumivu ni ya mizigo. Ukisikia ganzi miguuni, miguu ikikosa nguvu, mkojo ukikataa au ukitoka wenyewe, ukiwa na homa, au maumivu yakianza baada ya kuanguka, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mama huyu nilimwomba aende kwanza, akaenda, na huko wakamwambia asilale tu kitandani, aendelee kutembea na kujinyoosha.

Kazi ya nyumbani kwa familia nzima: simama wima, shika dumu la lita 5 lililojaa kwa mkono wa kulia. Kwa vidole vya kushoto gusa kiuno chako upande wa kushoto. Utasikia nyama imekazana. Hiyo ndiyo kamba yako inafanya kazi. Halafu badilisha mkono.

Mama bado anasikia maumivu asubuhi, sitawadanganya. Lakini anachota mwenyewe, na mwezi huu wote binti amekosa siku moja tu. Juzi kanionyesha hesabu zake, zote vyema.

Tukutane mwezi ujao. Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea.