Nilimkata muuza kahawa akawa ombaomba!

Wiki hii kuna jambo limenikaa rohoni. Naomba unisikilize, halafu mwishoni unipe ushauri.

Siku hizi kila mwenye simu ni mpiga picha, na mimi simo nyuma. Majuzi nilikuwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, saa kumi na moja jioni, jua limelala na kila kitu kinang'aa. Nikamwona mzee mmoja muuza kahawa, kofia kichwani, mkono kaunyoosha, mwanga umempiga usoni. Nikamwomba ruhusa. Akacheka, "Piga tu mjukuu wangu." Nikapiga.

Nyumbani nikaitazama. Mzee bomba, lakini picha yenyewe vurugu tupu! Kulia kuna jamaa hana kichwa, unaona bega na mkono tu. Chini birika na vikombe, pembeni mfereji wenye taka, nyuma mwavuli wa machinga. Nikaipeleka kwa kaka mmoja mwenye studio mtaani kwetu, nikamwambia anikosoe bila kunionea haya.

"Mdogo wangu, picha imejaa kama daladala la asubuhi. Jicho litue wapi?" Akanifundisha: igawe picha kwa mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala, uso ukae pale mistari inapokutana, si katikati kama picha ya pasipoti. Kisha kata kisichohusika. Akanipa mfano wa Che Guevara, yule aliyepita Dar mwaka 1965 akielekea Kongo. Ile picha yake ya kwenye fulana aliipiga Alberto Korda kule Havana, Machi 1960. Picha nzima ina mtu mwingine upande mmoja na majani ya mti upande wa pili. Korda akakata vyote, akabaki Che peke yake, na dunia nzima ikamjua.

Basi nami nikakata. Jamaa nje, birika nje, mfereji nje. Ukabaki uso wa mzee na ule mkono. Nikasema hapa nimepatia!

Nikaipeleka kijiweni. Wa kwanza kuiona akasikitika, "Masikini, huyu ombaomba unamjua?" Wa pili akauliza mzee anakaa wapi ampelekee chochote. Wee! Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Mkono ule haukuwa unaomba, bwana. Ulikuwa unapokea hela ya kahawa, na aliyekuwa akilipa ni yule jamaa niliyemtupa.

Nikarudi Kariakoo na picha zote mbili. Mzee akaitazama ile iliyokatwa, akauliza kitu kimoja tu: "Mjukuu wangu, birika langu umelipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Kwa birika hilo amesomesha watoto wanne.

Korda alikata, Che akabaki Che. Mimi nilikata, mzee akawa mtu mwingine. Tangu siku hiyo, kabla sijakata naifunika sehemu ile kwa kiganja, namwonyesha mtu ambaye hakuwepo, namwuliza: huyu anafanya nini? Akijibu ambacho sicho, najua ninakata pasipostahili.

Sasa nimeikata upya. Mfereji na mwavuli vimetoka, birika limerudi, mkono wa mteja upo mpaka begani. Yule kaka wa studio anasema kulia bado kumejaa, nibakize vidole na hela tu. Mzee anasema mteja asiguswe, maana ndiye anayemlisha.

Nawe msomaji wangu, ungekata wapi? Mkono usio na mwenyewe unakukera, au unakutosha kukuambia kuna biashara hapo? Niandikie, na usinionee haya. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.