KOFIA MOJA HAITOSHI WATU WATATU



Mvua kubwa zikinyesha huku Mau, sisi watu wa reli twajua kitakachofuata. Upepo huangusha miti juu ya njia, mahali popote kati ya Njoro na Londiani, na genge huitwa, ikiwa ni mchana au usiku, kwenda kuifungua njia. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya shoka na msumeno wa watu wawili. Siku hizi ni ya msumeno wa injini, ambao wengi wetu huuita pawaso. Kazi ya siku nzima sasa huisha kwa saa moja. Jambo hilo ni jema wala hatulipingi. Lakini pawaso ina hatari zake, na hatari hizo zataka kinga zake. Leo twapenda kusema habari za kofia, kinga ya uso na viziba masikio, kwa sababu tumeona ya kwamba vitu hivi mara nyingi huchaguliwa na watu wasiovivaa.

Si neno la watu wa reli peke yao. Mikaratusi ililetwa Kenya mwaka 1902 ili itoe kuni za injini za gari moshi, na tangu siku hizo reli na mkata miti ni majirani. Wenzetu wa mashamba ya miti ya Elburgon na Molo, na wale wa mashine za mbao, wana shida ile ile.

Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi katika genge ambalo watu watatu walipewa kofia moja ya pawaso. Aliyeshika msumeno aliivaa. Aliyeshika kamba na aliyevuta matawi walisimama kichwa wazi, hatua chache tu kutoka kwake. Akichoka huyu, mwenzake hupokea msumeno na kofia pia, imelowa jasho, na ukanda wake umekazwa kwa kichwa cha mtu mwingine. Mzee mmoja katika sisi hakuivaa kabisa. Alisema, "Masikio yangu yamekwisha zoea." Siku moja trole ilikuja nyuma yake, ikapigiwa honi mara tatu, naye asigeuke. Tulimvuta kwa koti. Ndipo tulipofahamu ya kuwa masikio yake hayakuzoea kitu. Yalikuwa yamekufa.

Basi ndugu zangu, sikio halizoei kelele. Likisha haribiwa na kelele, hakuna dawa ya kulirudisha. Jeraha la kichwa laonekana na kila mtu, nyapara hukimbia, gari huitwa. Jeraha la sikio halitoi damu, halina kelele, na mtu hulijua baada ya miaka, wakati watoto wake wanamwita naye hajibu. Kwa hiyo ndilo linalosahauliwa na wanunuzi wa vifaa.

Tupime kwa hesabu. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Pawaso nyingi hutoa desibeli 100 mpaka 110 kwenye sikio la mkataji. Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani wanasema mtu asiye na kinga anaweza kukaa katika desibeli 85 kwa saa 8, lakini katika desibeli 100 ni dakika 15 tu. Dakika 15! Hata mti mmoja mnene hujakwisha kuukatakata.

Sasa, tuchague namna gani?

Kwanza kofia. Kofia ya baiskeli au ya pikipiki si ya kazi hii. Ya kazi hii ni kofia ngumu ambayo ndani yake ina mikanda inayoacha nafasi kati ya kichwa na gamba. Nafasi hiyo ndiyo inayolipokea pigo la tawi linaloanguka, kwa hiyo usiweke sigara wala simu humo. Tazama ndani ya gamba: utaona kiduara chenye mwaka, na mshale unaoonyesha mwezi ilipotengenezwa. Kofia ya plastiki huliwa na jua polepole, hata kama imening'inia tu dirishani mwa duka. Ikiwa imepauka, imepasuka, au imekwisha pokea pigo kubwa mara moja, haifai tena, hata ikionekana nzima. Usiipake rangi wala usiitoboe matundu ya hewa. Ivae, kaza ukanda, kisha uiname kama mtu anayekata shina. Ikianguka, si yako.

Pili uso. Kinga ya wavu ni nzuri kwa vipande vya mti, nayo haishiki ukungu asubuhi za baridi za Molo. Lakini vumbi laini la mbao hupita katika matundu yake, basi uvae na miwani ya kazi ndani yake. Tena mjue jambo hili: wavu hauzuii mnyororo. Ncha ya msumeno ikigusa gogo kwa upande wa juu, msumeno huruka nyuma kuelekea usoni kabla hujafumba jicho. Kinga ya hapo ni breki ya mnyororo iliyo nzima, mikono miwili iliyoshika sawa, na kutokata kwa ncha. Mtu asidanganyike kwa sababu ana wavu.

Tatu masikio. Vilivyo bora kwetu ni vikombe vilivyofungwa kwenye kofia, kwa maana havipotei mfukoni. Kwenye karatasi yake kuna namba, labda 25 au 28, ya kuonyesha desibeli zinazopunguzwa. Namba hiyo ni ya maabara, porini hupungua. Nywele nyingi, kofia ya sufu chini ya vikombe, au mkono wa miwani hufungua upenyo, na kelele huingia humo kama maji. Sponji za vikombe zikiwa ngumu au zimepasuka, zibadilishwe. Huuzwa peke yake. Pamba ya dukani si kinga. Redio ya masikioni si kinga.

Kuna neno moja ambalo sisi wa reli lazima tuliongeze. Mtu aliyevaa vikombe hasikii gari moshi. Dawa yake si kuvua vikombe, bali ni kumweka mtu wa bendera ambaye hana kazi nyingine ila kutazama njia, na asimame mahali mkataji anapoweza kumwona. Genge lisilo na mtu huyo lisiwashe msumeno.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kutoa mavazi ya kinga yanayofaa. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku moja, na kelele ikipita 85 mwajiri lazima awe na mpango wa kulinda masikio ya watu wake. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi hata senti. Tena mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria yataka kamati ya usalama ambayo sisi wafanyakazi tunakaa ndani yake.

Kamati hiyo isiwe ya kunywa chai tu. Twaomba wajumbe wetu waseme mambo matatu. Kila mtu wa genge, pamoja na kibarua wa siku moja, awe na kofia yake mwenyewe. Kabla ya kununua, wakataji wapewe za kujaribu, wakubali au wakatae. Na masikio yapimwe kila mwaka, majibu apewe mwenyewe.

Lakini tusimlaumu mwajiri peke yake. Wako wenzetu waliopewa kofia nzuri na wamezitundika nyumbani, au wamefungua vikombe kwa sababu ya joto. Mimi pia nimefanya hivyo, na usiku nikasikia mlio masikioni kama nyenje wa porini. Ndugu, mlio huo ndio onyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa sikio hakuna fundi awezaye kuujenga.

Kesho asubuhi, kabla ya kuvuta kamba ya injini, tazama kofia ya mwenzako, naye atazame yako. Ikiwa mmoja hana, msumeno ubaki chini mpaka nyapara alete.

Umoja ni nguvu.